Tuyaandike marundo ya mawe kabla ya kuyapa hadithi

Mwishoni mwa mwaka 2018, wataalamu wa mambo ya kale wa Aberdeenshire, kaskazini-mashariki mwa Scotland, walitangaza kwamba katika shamba moja la parokia ya Leochel-Cushnie kuna duara la mawe la kale ambalo lilikuwa halijaorodheshwa. Lilikuwa na sura ya maduara ya eneo hilo: mawe yaliyosimamishwa kwa mviringo, na upande wa kusini-magharibi jiwe kubwa lililolazwa katikati ya mawe mawili marefu. Maduara ya aina hiyo yanayojulikana katika sehemu hiyo ya nchi ni zaidi ya 70, na yalijengwa zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Magazeti yakaandika, watu wakafurahi. Januari 2019 mtu aliyewahi kulimiliki shamba hilo akajitokeza na kueleza kwamba duara lile alilijenga yeye mwenyewe, katikati ya miaka ya 1990.

Wengi waliisoma habari hiyo kama aibu ya wasomi. Mimi naiona tofauti kabisa. Tangazo la kwanza lilikuwa limeshasema wazi kwamba kuna mambo mawili yasiyokaa sawa: duara lile lilikuwa dogo kuliko yote yanayojulikana, likipungua kwa mita kama tatu, na mawe yake nayo yalikuwa madogo kuliko ilivyo kawaida. Vipimo hivyo vilikuwa sahihi siku ya kutangazwa na vikabaki sahihi baada ya mjenzi kujitokeza. Kilichobadilika ni maelezo peke yake, na yalibadilika kwa urahisi kwa sababu vipimo vilikuwa vimeandikwa pembeni yake bila kupindwa ili vifanane na hadithi. Laiti kila kosa la wataalamu lingekuwa la namna hii.

Nimeamua kuandika juu ya jambo hili kwa sababu kazi yangu imenifundisha kuliheshimu. Mimi ni mpima ardhi. Nilianzia Arusha, nikichimbia bikoni kwenye viwanja vya watu waliokuwa wakisubiri hati, na sasa naishi Aberdeen. Siku za mapumziko, katika miezi ya baridi, naungana na kikundi cha watu wa kujitolea tunaoandika marundo ya mawe kwenye kilima kimoja upande wa juu wa bonde la mto Dee. Wapo walimu wastaafu, mkulima wa shayiri, wanafunzi wawili na mama mmoja aliyekuwa muuguzi. Kilima chenyewe sikitaji jina, maana mwenye ardhi ametukaribisha sisi, hajalikaribisha gazeti.

Ni mwinuko wa kawaida, uliofunikwa na hedha, vichaka vifupi na vigumu vinavyochanua zambarau mwezi wa Agosti. Chini yake kuna mboji nyeusi, nene, iliyojaa maji. Atakayepanda Agosti ataona uzuri mtupu na hataona rundo hata moja, kwa sababu wakati huo kangaga zimesimama hadi kifuani na hedha imeziba kila kitu. Sisi tunapanda Februari na Machi, kangaga zikiwa zimekauka na kulala, na jua likiwa limeinama kiasi kwamba kila kinundu kinatoa kivuli. Hapo ndipo mteremko unapoanza kujieleza. Mgeni huona rundo moja, kisha macho yakizoea anaona la pili, la tano, mpaka anatambua kwamba amesimama katikati ya shamba la watu waliokufa zamani sana.

Kila rundo lina fomu yake, na fomu ina sehemu mbili zilizotenganishwa kwa mstari mnene. Sehemu ya juu ni ya vipimo: mahali lilipo kwa gridi ya taifa, urefu, upana, kimo chake kikipimwa pande zote nne, kwa sababu kwenye mteremko upande wa bondeni hulifanya rundo lionekane kubwa kuliko lilivyo. Tunaandika ukubwa wa mawe, jiwe dogo kuliko yote na kubwa kuliko yote. Je, kuna mawe ya ukingo yaliyopangwa kulizunguka? Kuna shimo katikati? Nini kimeota juu yake? Linagusana na ukuta, njia, au msingi wa nyumba? Sehemu ya chini, chini ya ule mstari, ndiyo ya maoni: tunadhani ni nini, kwa sababu gani, na ni nani aliyedhani hivyo. Jina la mwenye maoni ni lazima.

Hapa nitapoteza muda kidogo na ufundi, kwa kuwa ufundi ndio unaoamua kama kazi itamfaa mtu miaka 50 ijayo. Kifaa cha mkononi kinachosoma setilaiti hukosea mita kadhaa. Kwa anayetafuta mji, mita tano hazina maana. Kwenye mteremko wenye marundo yenye upana wa mita tatu kila moja, yaliyokaribiana, mita tano zitampeleka atakayekuja baada yako kwenye rundo jingine kabisa, naye ataandika kwamba uliandika uongo. Kwa hiyo tunapima kwa futikamba na dira kutoka rundo hadi rundo, kama nilivyofundishwa kupima kiwanja, tukifunga mzunguko hadi pale tulipoanzia ili kosa lionekane kabla hatujateremka. Picha hupigwa pamoja na fimbo ya rangi nyekundu na nyeupe, kila rangi nusu mita, ili jicho lipate kipimo. Siku hizi kuna droni, na kuna ndege zinazorusha miale ya leza inayopenya majani na kuchora sura ya ardhi iliyo chini. Mwaka 2019 upimaji wa namna hiyo katika kisiwa cha Arran, magharibi mwa Scotland, ulionyesha maeneo ya kale yapatayo 1,000 yaliyokuwa hayajulikani. Ni kazi kubwa na nzuri. Hata hivyo miale ya leza itakuonyesha kinundu. Kama ndani ya kinundu kuna mawe au udongo, na kama mawe hayo yamepangwa au yametupwa, lazima mtu afike apige magoti.

Akipiga magoti, ataona mengi. Mboji inaweza kutumika kama saa. Ikiwa rundo limekaa juu ya mboji, lilijengwa baada ya mboji kutanda. Ikiwa mboji imelipanda rundo kwa pembeni, na ukisukuma fimbo unasikia mawe yakiendelea chini, basi rundo lilikuwapo kabla. Sehemu nyingi za milima ya Scotland ambazo leo ni hedha na maji zilikuwa zikilimwa katika Zama za Shaba, takriban kati ya mwaka 2200 na 800 KK. Baadaye baridi na mvua viliongezeka, udongo ukachoka, mboji ikatanda, watu wakashuka mabondeni. Mashamba yao yakabaki juu, yakilindwa na ule ubovu wa ardhi uliowafukuza.

Ukungu mkavu wa kijivu na manjano unaoganda juu ya mawe nao una habari yake. Jiwe ambalo upande mmoja una ukungu na mwingine ni mweupe limegeuzwa hivi karibuni, mara nyingi na wapanda milima wanaopenda kuongeza jiwe kileleni. Shimo katikati ya rundo kubwa linaweza kuwa la mtafuta hazina, au la bwana wa karne ya 19 aliyechimba mchana mmoja, akachukua chungu cha udongo akaenda nacho nyumbani, au la mjenzi wa ukuta aliyehitaji mawe. Wakati wakulima wa Scotland walipopanga upya mashamba yao katika karne ya 18 na 19, kuta ndefu zilijengwa bila saruji wala udongo, na mawe ya makaburi ya kale yaliingia humo kwa wingi. Ukuta ukipita karibu na rundo lililopungua, andika yote mawili kwenye fomu moja.

Sasa nije kwenye kishawishi. Mtu akiona rundo, anataka liwe kaburi. Akiliona kubwa, anataka liwe kaburi la mfalme. Nimeliona jambo hili kwenye nyuso za wenzangu kila mara mawe mawili matatu yanapoonekana yamesimama kwa mpangilio: sauti hubadilika, watu huinuka, na sehemu ya pili ya fomu huanza kujazwa kabla ya ya kwanza. Ni tamaa ya kibinadamu na ina msingi wake, maana makaburi ya kweli yapo, na ya kutikisa moyo. Huko Balnuaran of Clava, karibu na Inverness, kuna marundo ya takriban miaka 4,000 ambayo mawili kati yake yana njia nyembamba ya kuingilia hadi katikati, nazo zimeelekezwa pale jua linapotua siku fupi kuliko zote za mwaka. Pengine ndani ya rundo kuna sanduku la mabamba ya mawe, na ndani ya sanduku mtu amelazwa kwa ubavu, magoti yamekunjwa kifuani, na chungu chake karibu na uso. Nani hataguswa?

Lakini tamaa ikitangulia, huacha alama ardhini. Katika karne ya 19 watu waliamini kwamba Clava ilikuwa hekalu la makuhani wa kale wa Waselti, na kwa kuwa makuhani hao walisemekana kuabudu kwenye vichaka vya miti, wakapanda miti kuyazunguka marundo. Miti hiyo ipo mpaka leo. Mgeni anayefika hapo anasimama kwenye kivuli na kuhisi kweli yuko mahali pa ibada ya kale, kumbe anachokihisi ni maoni ya watu wa juzi tu yaliyoota mizizi. Hakuna aliyedanganya kwa makusudi. Walifasiri kwanza.

Kinyume chake ni Tomnaverie, karibu na kijiji cha Tarland. Hapo pana duara la jiwe lililolazwa, na katikati yake rundo la chini. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba duara lilitangulia, na rundo lilichomekwa baadaye na watu wengine waliotafuta mahali pa kuzikia. Mwanaakiolojia Richard Bradley alichimba mahali hapo mwaka 1999 na 2000, akionyesha tabaka kwa tabaka kwamba mambo yalikwenda upande mwingine: kwanza palikuwa na moto wa kuchomea wafu, juu yake wakajenga rundo, na mwishoni wakalizungushia mawe yaliyosimama, lile lililolazwa likielekea mlima Lochnagar. Aliweza kusema hivyo kwa sababu aliuliza jiwe gani limekalia jiwe gani, swali dogo la fundi ujenzi, kabla ya kuuliza waliamini nini.

Na kuna marundo ambayo hadithi yake tunaipenda kuliko uwezo wetu wa kuithibitisha. Karibu na Balmoral, kando ya mto huohuo wa Dee, lipo rundo liitwalo Càrn na Cuimhne. Mapokeo yanasema kwamba wanaume wa ukoo wa Farquharson walipokuwa wakienda vitani, kila mmoja aliweka jiwe, na aliyerudi akaondoa jiwe lake. Yaliyobaki yakawa hesabu ya waliokufa. Sina haja ya kuyabeza mapokeo hayo. Nataka yaandikwe, yaandikwe kama yanavyosimuliwa, pamoja na nani alisimulia na alisikia kwa nani, na yawekwe chini ya mstari. Juu ya mstari vibaki urefu na upana. Kilometa chache kutoka hapo, juu ya Craig Gowan, kuna rundo ambalo mwanzo wake unajulikana bila shaka yoyote: lilijengwa mwaka 1852 wakati Malkia Victoria na mumewe Albert walipokamilisha ununuzi wa Balmoral, familia na watumishi wakiweka mawe pamoja. Ondoa karatasi zilizoandikwa siku zile, na mtu wa miaka 1,000 ijayo atakuta rundo juu ya kilima na kuanza kutafuta mifupa ya mfalme ndani yake.

Marundo mengi ya kilima chetu hayana malkia wala vita. Ni ya chini, kimo chake hakifiki nusu mita, upana mita mbili hadi tano, yametawanyika kwenye mteremko unaotazama kusini. Hakuna ukingo uliopangwa. Mawe makubwa yako chini, madogo juu yake, kama yalivyotoka shambani mwaka hadi mwaka. Katikati ya marundo ardhi ni safi kuliko pembeni. Na karibu yapo maduara ya misingi ya nyumba, ukuta wa mawe na udongo wenye mlango upande wa kusini-mashariki, mbali na upepo mkali. Haya ni mawe yaliyookotwa ili jembe lipite.

Kwenye vikundi kama chetu kuna namna ya kusema “ni mawe ya shamba tu” kisha kusonga mbele. Hilo neno “tu” linaniuma. Nani aliyaokota? Hapa sina jina, lakini nina mwili: nimeinua mawe hayo kuyapima na kuyarudisha palepale, na najua uzito wake kwenye mgongo. Mengi ni ya kubebwa na mtoto. Machache yanahitaji watu wawili. Katika rundo moja kubwa la mazishi, aliyezikwa alikuwa mmoja au wachache, na huenda alizikwa mchana mmoja. Kwenye marundo haya ya chini kuna kazi ya familia nzima kwa vizazi. Tukiandika makaburi na kuacha mawe ya shamba, tutakuwa tumeandika historia ya waliofanyiwa kazi na kuwafuta walioifanya. Karne ya 19 ilituachia ushahidi wa jambo hilohilo kwa ukubwa unaotisha: huko Kingswells, pembezoni mwa Aberdeen, mawe yaliyoondolewa mashambani katika miaka ya 1850 yalipangwa kuwa ukuta wenye upana wa mita kama 10 na urefu wa karibu nusu kilometa. Watu hutembea juu yake. Ukuta wa namna hiyo haukuhitajika kuzuia kondoo. Ulihitajika kwa sababu mawe hayakuwa na pa kwenda.

Tena, mpaka kati ya aina hizi mbili hauko wazi kama vitabu vya mwongozo vinavyotaka. Wachimbaji wamewahi kukuta mifupa iliyochomwa chini ya rundo dogo lililodhaniwa kuwa la shamba, na wamewahi kukuta kaburi la kale ambalo wakulima wa baadaye waliendelea kulirundikia mawe yao. Mzee anayechunga kondoo upande wa pili wa kilima alituambia kwamba babu yake aliongeza mawe kwenye moja ya marundo tuliyokuwa tumeyaweka katika Zama za Shaba. Tuliandika maneno yake, jina lake na tarehe. Rundo halikubadilika vipimo. Maoni yaliongezeka mstari mmoja. Hivyo ndivyo inavyotakiwa kuwa.

Haraka ya kuandika inatokana na miti. Scotland inapanda misitu, na ina sababu nzuri za kufanya hivyo. Mwongozo wa misitu unataka miti ikae angalau mita 20 kutoka eneo la kale lililoorodheshwa kulindwa kisheria. Maeneo hayo ni takriban 8,000 nchi nzima, chini ya sheria ya mwaka 1979. Kumbukumbu za taifa, zilizoanzishwa na tume ya kifalme iliyoundwa mwaka 1908 na sasa kutunzwa na Historic Environment Scotland, zina maeneo zaidi ya 300,000. Pengo kati ya namba hizo mbili ndilo lenye mashamba ya wakulima wangu. Na yale ambayo hayamo hata kwenye kumbukumbu, dereva wa trekta la kupanda miti atayaonaje? Juu ya Tullos Hill, ndani ya Aberdeen yenyewe, kuna marundo manne makubwa ya Zama za Shaba yenye majina: Baron’s Cairn, Cat Cairn, Crab’s Cairn na Tullos Cairn. Jiji lilipopanga kupanda miti huko zaidi ya miaka 10 iliyopita, wakazi waligombana vikali juu ya paa waliopigwa risasi ili wasile miche. Ugomvi ule ulistahili. Marundo manne yalinusurika kwa sababu yalikwisha kuandikwa na kulindwa. Hakuna aliyelazimika kupiga kelele kwa ajili yake.

Msomaji wa Monduli au Karatu ataniuliza haya yote yanamhusu nini. Yanamhusu moja kwa moja. Chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, Engaruka, kuna mashamba ya kale yenye ukubwa wa hekta zipatazo 2,000, yaliyogawanywa kwa mistari ya mawe na kumwagiliwa kwa mifereji iliyotoka kwenye mito inayoshuka kutoka nyanda za juu za Ngorongoro. Watu waliishi pembeni yake, kwenye vijiji vilivyojengwa kwa ngazi mlimani, wakilima mtama, kuanzia karibu karne ya 15 hadi ya 18. Na katikati ya mashamba hayo kuna marundo ya mawe. Mtafiti wa leo anayetoka Aberdeenshire akisimama pale Engaruka atajua anachokiangalia kabla hajaambiwa: mawe yaliyookotwa ili jembe lipite.

Engaruka nayo imepitia mkono wa tamaa. Mjerumani Gustav Fischer aliiandika mwaka 1883. Louis Leakey alifika mwaka 1935 na kukadiria kwamba hapo palikaa watu 30,000 hadi 40,000, mji mkubwa kwa kipimo chochote cha bara wakati ule. Watafiti waliomfuata, kina Hamo Sassoon na John Sutton, walipima upya na kuishusha namba hiyo hadi maelfu machache. Daryl Stump naye, kwa kuchimba mashamba yenyewe badala ya nyumba, alionyesha kwamba baadhi yake yalijengwa kwa kuzuia maji ya mito kwa mawe ili tope litulie na kuwa udongo wa kulima. Kwangu mimi hilo ni kubwa kuliko mji wa watu 40,000. Waliutengeneza udongo wenyewe. Ugunduzi huo ulikuwa umelala kwenye mistari ya mawe ambayo mtu angeweza kuipita akisema ni ya shamba tu.

Nyumbani pia tuna tabia ya kumtafuta mkubwa chini ya kila rundo. Lothagam, magharibi mwa ziwa Turkana nchini Kenya, inapaswa kutuponya. Hapo wafugaji wa miaka 5,000 iliyopita walijenga jukwaa la mawe, wakasimamisha nguzo, wakaweka maduara na marundo pembeni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulikadiria kwamba chini yake wamezikwa watu wasiopungua 580: wanaume, wanawake, watoto wachanga na wazee, karibu wote wakiwa na mapambo yao, bila dalili kwamba wachache walitukuzwa kuliko wengine. Mnara mkubwa, na hakuna mfalme. Wamaasai nao wana desturi ya mpita njia kuongeza jiwe kwenye kaburi la mtu mashuhuri. Rundo la namna hiyo halina tarehe moja. Linajengwa na kila anayepita, na ukiandika “kaburi la karne fulani” utakuwa umeandika jiwe la kwanza na kuwaacha wote waliofuata.

Sheria yetu ya Tanzania ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda majengo na makaburi yaliyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Ni sheria nzuri yenye mtego kwa mawe: rundo halina cheti cha kuzaliwa. Mwenye greda akiuliza nani anasema lilikuwapo kabla ya 1863, jibu ni lazima liwe kwenye karatasi, lenye kipimo, picha, na maneno ya wazee yaliyoandikwa wakiwa hai. Bonde la Engaruka sasa linazungumzwa kwa ajili ya magadi soda, na barabara na vigingi vya wapimaji hutangulia kila mradi. Najua vigingi hivyo, nimevipigilia. Mpima ardhi hapimi asichoagizwa. Rundo la mawe kwenye ramani yake ya kazi huwa kizuizi au kokoto ya bure.

Nataka Idara ya Mambo ya Kale na halmashauri za wilaya ziweke sharti dogo: mpima yeyote anayeingia eneo kama hilo aandike kila rundo na kila mstari wa mawe anaoukuta, hata asipojua ni nini, kabla kigingi cha kwanza hakijaingia ardhini. Ni saa chache za kazi. Chombo anacho mkononi tayari.

Na wasisubiriwe wapimaji peke yao. Scotland ilikuwa na mpango ulioanza mwaka 2006 na kumalizika 2011 uliowafundisha wanavijiji kuandika magofu ya mashamba yao, na wengi wa wale wastaafu ninaopanda nao kilima walijifunzia huko. Darasa la sita linaweza kazi hii. Nimeitafsiri fomu yetu, nikabadilisha sehemu ya kangaga ikawa ya migunga, nikaongeza nafasi ya jina la rundo kwa Kimaasai na la mzee aliyelitaja. Ni ukurasa mmoja, una mstari mnene katikati. Mwalimu yeyote kati ya Mto wa Mbu na Engaruka anayeitaka amwandikie mhariri wa gazeti hili, nami nitamtumia nakala za kutosha darasa zima, pamoja na futikamba mbili za mita 30.